Babu wa Dirishani Hakuitikia

Mama, shikamoo.

Kwa dada tulifika salama, ila joto la huku linakausha khanga kabla hujaikamua.

Jana nilimpeleka Upendo kule Mwenge kutazama maduka yalivyopambwa kwa Krismasi. Madirishani wamebandika pamba, eti theluji. Watu wanachuruzika jasho huku wanatamani baridi! Si waje Njombe tuwagawie bure?

Dirisha moja lilikuwa na sanamu ya Baba Krismasi, mzee wa ndevu nyeupe, kavalishwa koti zito. Mjukuu wako akapiga goti palepale. "Shikamoo babu." Kimya. Akarudia kwa sauti. Wewe ndiye uliyemfundisha kwamba mtoto haondoki mbele ya mkubwa kabla hajaitikiwa, basi hakuondoka. Mdogo wake analia mgongoni, mie miguu imevimba.

"Ni sanamu huyo, twende."

"Mama, babu amenikasirikia?"

Machozi yakamlenga. Ningeweza kumburuta, lakini nikaona nikimburuta leo, kesho hatamsalimia mtu tena. Nikachungulia mlangoni nikamnong'oneza muuzaji wa duka. Akacheka, akajibanza nyuma ya lile koti, akaunguruma kizee: "Marahaba mjukuu wangu, hujambo?"

"Sijambo!" Upendo akainuka, uso umechanua.

Nikashukuru Mungu, nikamshika mkono tuondoke. Mama, duka lililofuata lilikuwa na mababu watatu.

Jifunike vizuri huko, na usiache uji wa moto asubuhi. Tunakupenda mno.

Mwanao,
Tumaini