Mfumo Mpya wa Faili na Mchezo wa Mama Mutua

Jumamosi. Jua la Kitui limewaka tangu asubuhi, lakini kinachonichoma leo si jua. Ni aibu.

Diski ya kompyuta yetu ya nyumbani ilikuwa imejaa. Mfumo wake wa faili ulikuwa wa zamani, na kila mchezo wa chess niliouhifadhi, hata uwe mdogo vipi, ulimeza nafasi kubwa kuliko ulivyohitaji. Abdalla, fundi wa kompyuta mjini, alinieleza njia mbili za kuhamia mfumo mpya: kuugeuza ule wa zamani faili zikiwa mle mle, au kufomati na kuanza upya.

"Ukifomati, mwalimu, hakibaki kitu. Waulize kwanza watu wa nyumbani."

Sikuuliza mtu. Nimwulize nani? Mwanangu Mutua yuko bweni. Mama yake nilimjua kwa kwaya na kwa shamba letu la ndengu kule Matinyani, basi.

Nikanakili michezo yangu kwenye disketi. Nikakuta na mingine, mingi, ya ngazi ya juu kabisa, ile inayonipiga mimi kila mara. Nikadhani kompyuta imekuwa ikicheza yenyewe kwa yenyewe. Mmoja haukuwa umekwisha, na kete nyeupe zilikuwa karibu kushinda. Niliutazama kwa muda, nikatikisa kichwa, nikasema kwa sauti, "Huyu anajua!"

Kisha nikafomati.

Jioni mke wangu ameketi mbele ya kompyuta, akatafuta, akatafuta tena.

"Baba Mutua, ile game yangu umeweka wapi?"

Kumbe hucheza ninapokuwa kwenye vikao vya wazee wa kanisa. Ule mchezo aliuanza wakati wa palizi, akawa anaufikiria hata akiwa na jembe mkononi. Alitaka kuishinda mashine kwanza, ndipo aniite nione.

Nimemwambia ukweli, kwamba nilidhani ni mashine. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Nikatoa ubao wetu wa mbao, nikapanga kete, nikamwita tucheze. Amekuja, lakini hakuketi.

"Asubuhi nilikuwa hapo jikoni," akasema. "Nikaskia ukisema huyu anajua. Nikafurahi sana. Nikasema, leo Baba Mutua ameniona."

Amerudi jikoni. Kete bado ziko mezani, na zile nyeupe nimeziweka upande wake.