Siku ya Kwanza Kurudi Wodi ya Wazazi

Kibondo, Jumatatu, Novemba 1976

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika nilipokaribia geti. Leo nimerudi kazini. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, si kwamba nina furaha wala huzuni.

Sare inanipwaya. Dawa zinanikausha mdomo na kunitetemesha vidole. Daktari wa hospitali ya wagonjwa wa akili alisema nitazizoea. Hakusema lini.

Wenzangu wamenisalimia kwa upole uliopita kiasi, kama wanaosalimia mfiwa. Hakuna aliyeuliza nilikuwa wapi. Wanajua wote. Mwezi wa Juni, baada ya siku nyingi za kukosa usingizi, niliacha zamu katikati nikatembea pekupeku kuelekea Kasulu. Dereva wa lori ndiye aliyenirudisha.

Sista Skolastika, mkuu wa wodi, amenipa shashi nikunje.

"Anza polepole, mdogo wangu. Wazazi waachie wengine."

Nikakunja. Nikaona kabati la vyombo limefungwa kwa kufuli, ufunguo uko mfukoni mwake. Zamani halikuwa na kufuli.

Sikukasirika. Niliona tu.

Kabla ya mchana akaletwa mama kijana wa Mabamba, mumewe akisukuma baiskeli. Uchungu ulikuwa umeshakaza. Sista alikuwa kitanda cha pili na mwingine aliyekuwa akitokwa damu, na muuguzi wa tatu alikuwa ametoka. Yule mama akanishika mkono.

"Mawe wee, mama yangu! Nesi, usiniache!"

Yeye hakuwa na habari zangu.

Nikanawa mikono. Nikamwambia kwa Kiha apumue, asisukume kwanza. Kichwa kilipotoka, nikakuta kitovu kimezunguka shingo ya mtoto. Nilijaribu kukipitisha juu ya kichwa, kikagoma. Kilikuwa kimekaza.

"Sista, nipe koleo na mkasi."

Akageuka. Akatazama vidole vyangu. Nami nikavitazama, vilikuwa vinatetemeka waziwazi.

"Sista, mtoto anakabwa."

Akafungua kabati, akaniwekea vyombo mkononi. Nikabana mara mbili, nikakata katikati. Mtoto akatoka, wa kike, rangi ya majivu, kimya. Nikamfuta pua na mdomo, nikamsugua mgongo. Kimya. Nikaendelea kumsugua. Sikuwa nawaza lolote, hata mimi mwenyewe sikujiwaza.

Halafu akalia.

Mama yake akacheka na kulia kwa pamoja. Sista akaja akamsikiliza mtoto kifua, akatikisa kichwa kukubali.

"Umemwokoa," akaniambia. Kisha akaosha vyombo, akavirudisha kabatini, akafunga kufuli.

Nimelifikiria hilo njia nzima. Simlaumu. Aliniona nikiondoka ile siku ya Juni. Ndiye aliyebaki na wagonjwa wangu. Mtoto mmoja hawezi kufuta hayo kwa asubuhi moja.

Lakini aliniwekea mkasi mkononi.

Jioni nimekula ugali na maharage kwa dada yangu Veronika, ninakokaa tangu nitoke hospitali. Nikiwa bado mezani nikasinzia, kichwa kikaanguka mbele. Akashtuka, akanishika bega.

"Ile hali imekurudia?"

"Hapana, dada. Nimechoka tu. Nimetoka kazini."