Niliyemtaja Hakunitenda Lolote

Kaka Katana,

Shikamoo. Mama mguu wake unaendeleaje, na huko Jilore mvua imewafikia? Mimi huku Mombasa mwili hauna neno, na kichwa nacho kinarudi polepole. Simu tulinyang'anywa tulipoingia wodini, ndipo nikamwomba nesi karatasi. Tena ni afadhali, maana nataka uisome mbele ya watu.

Hii ni wiki ya tatu. Ya kwanza siikumbuki vizuri. Nililala tu, nikiamshwa kula na kumeza dawa. Dawa zenyewe zinakausha mdomo na kutetemesha mikono, kwa hiyo mwandiko huu usiucheke. Daktari wetu ni mama mmoja mpole. Nilimbishia kwamba zile sauti ni za kweli, kwamba nilimsikia Baba Mkubwa Karisa akikohoa nje ya dirisha langu na kuniambia nife. Akasema, "Ulizisikia kweli, Charo. Ila hakuna aliyezituma. Ni ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa."

Kaka, siku ile uani nilimnyooshea mzee wa watu kidole mbele ya ukoo mzima, nikasema ndiye anayeniroga. Nanyi mkaniamini! Mtu ana mvi na anaishi peke yake, basi ikawa ushahidi. Vijana wakampa siku tatu ahame, akakimbilia kwa binti yake kule Gede. Mke wangu Kanze alipokuja kuniona akanieleza, nililia hadi nesi akaja mbio. Mzee huyo ndiye aliyenifundisha kugema mnazi, baba alipotuacha. Naona aibu kubwa.

Najua maji yakimwagika hayazoleki. Lakini niliyeyamwaga ni mimi, niache nijaribu kuyazoa. Waite watu wale wale, uani pale pale, uwaambie: Charo alikuwa mgonjwa, na Baba Mkubwa hakumtenda lolote.

Wala sitakuficha. Juzi nilimsikia tena akikohoa, kwa mbali. Nilimwambia nesi, nikapewa dawa, nikalala. Nitakuja na dawa za kuendelea nazo nyumbani, lakini huenda siku moja nikamtaja tena. Mkinisikia, msimwendee yeye. Nirudisheni mimi hospitali.

Mama mwambie nakula vizuri. Kanze mwambie ile sabuni aliyoniletea bado ipo. Na shemeji yangu, mkeo, aliyenishikilia njia nzima nisiruke garini, mwambie simsahau.

Alhamisi natoka. Nitashuka Gede kwanza nimwangukie mzee miguuni, na akikubali tutakuja pamoja. Najua wako watakaosema asikanyage tena pale nyumbani. Wakisema hivyo nawe ukanyamaza, basi usinitandikie kitanda. Tutarudi Gede wote wawili.

Ni mimi mdogo wako, mwenye akili zake,
Charo