Mate ya Bibi Ruthi kwenye Boneti

Jumanne, mwezi wa Julai. Baridi kali. Ukungu umeufunika Meru tangu alfajiri na hatukuuona mlima kutwa nzima. Mikono yangu nimeisugua kwa jivu na sabuni ya mche, lakini bado inanuka dizeli.

Leo nina aibu. Naiandika kwanza, nisije nikaizungukazunguka mpaka karatasi iishe.

Lori la chama chetu cha wakulima wa kahawa ni la dizeli, na mwendeshaji wake ni mimi. Kabla yake nilikuwa dereva wa malori ya petroli, vitani na hata baada ya vita. Lori la petroli unalizima kwa ufunguo, unashuka, yamekwisha. Hili la dizeli lina kishikio chini ya dashibodi. Ukitaka injini ife unakivuta, nacho kinaikatia mafuta. Ukitaka kuwasha tena, lazima kwanza ukirudishe ndani kwa mkono, maana hakirudi chenyewe. Nimekivuta na kukirudisha tangu lori lilipokuja. Naweza kukirudisha hata nikiwa nasinzia.

Leo sikukirudisha.

Tulisimama juu ya Makumira, kwenye kituo cha mwisho cha kukusanya kahawa, nikazima injini ili wapakiaji wapandishe magunia. Koti langu la jeshini lilikuwa limelowa ukungu, nikalivua nikalitundika hapo hapo kwenye kishikio. Ndipo akaja Bibi Ruthi na mikungu yake miwili ya ndizi. Ni mjane, jirani yetu, na miguu humsumbua siku za baridi. Aliomba akae mbele, niliko mimi, mpaka sokoni Arusha. Nafasi ya mbele nilikuwa nimeshampa karani wa chama, kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi.

Sikumwamkia hata shikamoo. Nilimwambia, watu wakisikia, kwamba hili ni lori la kahawa, si la ndizi, na anayetaka kwenda sokoni apande nyuma au atembee.

Alinitazama tu. "Haya, baba," akasema. "Nendeni basi, kama litawafikisha."

Akajitwika mkungu mmoja, akaukokota wa pili, akashika njia.

Magunia yalipokwisha nikapiga stata. Injini ikazunguka vizuri, kwa nguvu, lakini haikuwaka. Nikapiga tena. Ikazunguka, haikuwaka. Nyuma walikuwa wamejaa akina mama waendao sokoni na wazee wawili watatu, na minong'ono ikaanza.

Nilishuka kwa madaha. Lazima niseme ukweli: nilifurahi kidogo kupata watazamaji. Nikafungua boneti, nikapima tangi kwa kijiti, mafuta yalikuwamo. Nikalegeza mrija unaoingia kwenye pampu, dizeli ikatoka safi, haina maji wala mapovu. Hata hivyo nikatoa hewa, kwa kuwa hewa kidogo tu hulifanya lori la dizeli ligome. Kisha nikalegeza mirija ya juu, inayokwenda kwenye nozeli zinazopulizia mafuta ndani ya injini, nikamwambia karani apige stata. Hakikutoka kitu. Hata tone. Na bomba la moshi halikutoa hata uzi wa moshi.

Fundi mwenye akili angeishia hapo. Mafuta yanaingia kwenye pampu, hayatoki, moshi hakuna: basi kuna kitu kimeyafunga, na cha kwanza kuangaliwa ni kishikio. Hilo nilifundishwa siku ya kwanza kabisa. Lakini kishikio kilikuwa kimevaa koti langu, na kichwa changu kilikuwa kimevaa majivuno.

Betri ikaanza kuchoka. Karani akaniuliza kama nimeshindwa. Swali hilo liliniuma. Walowezi, Wazungu wenye mashamba kule Usa, wamekuwa wakisema tangu mwanzo kwamba Wameru hawawezi kutunza mashine, kwamba lori letu litaishia kuwa banda la kuku. Nikajibu kwa sauti ili wote wasikie: "Lori hili halina ubovu wowote. Ningeujua."

Maneno hayo ndiyo yaliyoleta balaa.

Kama lori halina ubovu na haliwaki, basi kuna neno la mtu lililolifunga. Mama mmoja akakumbuka alivyosema Bibi Ruthi, mwingine akaongeza sauti ambayo bibi hakuwa nayo. Mzee Yakobo, ambaye ni mzee wa kanisa na kila Jumapili husimama mlangoni na kapu la sadaka, akakuna kidevu. Akasema yeye ni Mkristo na uganga hauamini, ila mdomo wa mzee ni mdomo wa mzee, na haingedhuru bibi aitwe aseme neno jema. Akina mama wawili wakamkimbilia njiani.

Kwetu mate ya mzee ni baraka. Mtoto hutemewa akipewa jina, msafiri hutemewa akiondoka. Na mzee aliyetamka baya kwa hasira hulifuta kwa namna hiyo hiyo. Hata sisi tuliobatizwa tunayajua hayo, hatuyasemi tu mbele ya mchungaji.

Tulipokuwa tunamngoja, manyunyu yakaanza. Nikaingia ndani kuchukua koti.

Nikakiona. Kimetoka nje chote, urefu wa kidole, kama nilivyokiacha.

Nilikaa kwenye kiti, koti mkononi. Ningeweza kucheka. Ningeweza kushuka nikasema, jamani, nisameheni, ni mimi. Wangenitania mpaka Krismasi, karani angewaambia wakubwa wa chama, pengine wangenirudisha kulima. Hayo tu. Hakuna ambaye angekufa.

Lakini bibi alikuwa ameshafika, wamemshika huku na huku kama mwizi wa mbuzi. Alisema hakuwa na nia mbaya, alisema tu kama watu wanavyosema. Mzee Yakobo akamwambia kwa upole, "Tunajua, mama. Lifute tu." Akainama juu ya boneti, akatema mate mara kadhaa, akalipapasa bati kwa kiganja, akasema kwa Kimeru lori liende salama na lirudi salama.

Macho yote yalikuwa kwake. Nikakisukuma kishikio kwa kidole gumba, taratibu, nikapiga stata.

Likakohoa, likatoa moshi mweupe, likawaka.

Akina mama walipiga kelele. Mmoja akasema, "Mmeona?" Wengine wakavuta watoto wao karibu. Nikiwa nimeshika usukani nilijua kwamba pale pale, mbele ya macho yangu, mwanamke yule amekuwa mtu mwingine. Asubuhi alikuwa mjane mwenye miguu mibaya. Sasa alikuwa Bibi Ruthi mwenye kinywa cha kuogopwa.

Karani mwenyewe alimpisha mbele. Alikwenda kukaa nyuma juu ya magunia na suruali yake ya pasi, na wala hakulalamika.

Nimefika nyumbani jioni nikakuta habari zimenitangulia. Mke wangu ameniambia kwamba kuanzia leo watoto wasipite tena kwa Bibi Ruthi, wala wasipokee ndizi yake. Watoto wetu wamekua wakila kwake. Binti yetu mdogo aliuliza bibi amefanya nini, na mama yake akamwambia nyamaza. Mimi nilikuwa nakula. Niliendelea kula.

Basi nimenyamaza mara ngapi kwa siku moja? Na bado sijaandika ile iliyo mbaya kuliko zote. Nimeizunguka, ingawa nilisema sitafanya hivyo.

Njiani, tulipokwisha kuvuka daraja, bibi aliniambia nisimkasirikie. Nikasema sijakasirika. Akashika mapaja kwa mikono yote miwili. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo kiasi kwamba ilinibidi niinamishe kichwa kwa sababu ya injini.

"Baba, wewe unaijua mashine hii. Kweli ilikuwa haina kitu?"

Nikamwambia haikuwa na kitu.

Akasema alikuwa na binti, Eliseba, aliyefariki akijifungua. Hilo nalijua, nilibeba jeneza lake. Nililokuwa silijui ni kwamba waligombana asubuhi ya siku aliyofariki kwa sababu ya jembe, na yeye akamwambia mwanawe, kwa hasira tu, "Nenda, usirudi." Miaka yote hii alijua ni maneno ya mama na mtoto, akaomba toba, yakapita. Lakini leo ameona kwa macho yake jinsi maneno yake yanavyoweza kusimamisha hata chuma.

"Sasa nauliza," akasema, "kumbe ni mimi niliyemwua?"

Kishikio kilikuwa karibu na goti langu. Ningemwonyesha kwa kidole tu. Nikamjibu, "Sijui, bibi."

Nilimshusha sokoni na mikungu yake. Alinishukuru.

Jumapili kanisani nitamwomba Mzee Yakobo aniachie nafasi baada ya matangazo, nisimame mbele ya waliokuwepo na wasiokuwepo, niseme ni nani aliyelizuia lori. Nikimwambia bibi peke yake nitakuwa nimejitua mzigo mimi, na jina lake litabaki vile vile midomoni mwa watu. Chama kikiniondoa, kiniondoe. Walowezi wakicheka, wacheke. Nasema hivi nikiwa nimekaa salama kwangu, najua.

Lakini Jumapili ni mbali kwa mtu anayefikiri amemwua mtoto wake. Kesho kabla sijagusa lori nitakwenda kwake. Nitamwamkia, shikamoo ambayo sikumpa leo, na kabla hajanikaribisha kiti nitamwambia habari za Eliseba kwanza, kwamba si maneno yake yaliyomwua. Za lori zitafuata.