Wimbo Wako wa Kusaga Umechaguliwa

Nairobi, Jumapili asubuhi

Kwa dada yangu Moraa,

Bwakire, dada. Natumaini karatasi hii imekukuta mzima, wewe na Kemunto na yule mdogo ambaye bado sijamwona. Kifua cha Kemunto kimepoa? Mvua imefika Magwagwa, au mnaangalia tu mawingu yakipita kwenda Kericho? Mimi niko mzima wa mwili. Nakula vizuri kwa baba mdogo, na pasi yangu haitoki mfukoni maana askari wanaiuliza kila kona. Wa moyo sijui niseme nini, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nimeandika kwa Kiswahili makusudi, na nimeipitisha kwa mke wa mwalimu pale Ikonge akupe mkononi siku ya soko. Mama mkwe wako hata akisomewa kwa sauti hataelewa, na shemeji anakijua kile cha kuamrishwa kwenye majani chai tu. Isome peke yako huko kwenye migomba. Usiisome jikoni.

Unakumbuka likizo ya Agosti nilipokuja kwako na yule Mzungu kijana, fundi wa mashine ya kunasa sauti? Ulikuwa nyuma ya nyumba unasaga wimbi. Ulipotuona ukanyamaza, nikakwambia, "Endelea tu dada, anajaribu mashine yake." Ukacheka, ukasema, "Basi aijaribu na haya," ukaendelea kuimba yale unayoyaimba ukiwa peke yako na jiwe. Sikukudanganya siku ile. Fundi mwenyewe aliniambia ni majaribio, kwamba utepe utafutwa. Nakuapia.

Haukufutwa.

Nikueleze sinema yenyewe kwanza, maana hukuiona ikipigwa picha kule Nyansiongo. Ni hadithi ya mambo yasiyokuwako duniani. Zimwi linamnyang'anya msichana sauti na kuifungia ndani ya kibuyu. Msichana anaifuata mpaka chini ya mto, kwenye nchi ambako watu wanatembea kichwa chini miguu juu. (Zimwi lilikuwa mtu wa Nyansiongo aliyevalishwa ngozi tatu na pembe za mbao. Watoto walimkimbia hata akiwa amekaa anakunywa uji.) Mwishoni msichana anavunja kibuyu. Hapo picha zinakwisha, kitambaa kinakuwa cheusi, na majina ya watu waliofanya kazi yanapanda polepole huku wimbo mmoja ukisikika. Mtu mmoja, hakuna ngoma. Ndiyo ile sauti iliyotoka kibuyuni. Bwana Mkubwa wa sinema alituambia anataka wimbo utakaomfanya mtu asahau kuinuka kwenda nyumbani.

Kazi yangu ni kutafsiri. Kinachosemwa kwa Kiekegusii nakigeuza kwa Kiingereza, basi. Unanijua, dada, sina mdomo mbele za watu. Lakini maneno ya watu wengine nayaweza, kwa sababu si yangu.

Jumatano ya wiki mbili zilizopita ilikuwa siku ya kumchagua mwimbaji. Tulikuwa kwenye chumba kilichotundikwa mablanketi ukutani ili kelele za barabarani zisiingie. Wa kwanza alikuwa msichana wa kwaya aliyeletwa kutoka Kisii. Aliimba amesimama wima, mikono imebanwa kando. Bwana Mkubwa akasema huyu anaimba kama mtu aliyechelewa kanisani. Wa pili alikuwa Mama Akinyi, mwanamke wa upande wa ziwani anayeimba kwenye dansi za hapa. Nilipoanza kumfundisha maneno akanikata: "Kijana, mimi nimeuza samaki Ikonge miaka minne. Kiekegusii utanifundisha wewe?" Sauti yake ni nzuri, dada, nzuri ya kweli. Bwana Mkubwa akasema nzuri, lakini hii haijawahi kufungiwa kibuyuni.

Fundi akawa anatafuta utepe mtupu amnase tena Mama Akinyi. Akaweka mmoja kwenye mashine auangalie. Lilisikika kwanza jiwe la kusagia. Nikalijua kabla hujafungua mdomo.

"Mimi Moraa, saga Moraa, mwenye nyumba kaenda Kericho, karudi na kofia." Halafu mama mkwe anayehesabu ndizi kwenye mkungu kana kwamba umezaa wezi. Halafu ile sehemu ambapo sauti yako inashuka mpaka inakuwa kama pumzi tu, "Mzee anakohoa nje ya ua, anangoja watoto washibe, alambe chungu."

Bwana Mkubwa alifumba macho. Ulipomaliza akauliza, "Huyu ni nani?"

Fundi akasema, "Ni dada yake Zakaria!"

Wote wakanigeukia, wakapiga makofi. Dada, nilifurahi. Hilo ndilo ninalotaka kukuungamia kuliko yote. Kabla sijaogopa, nilifurahi. Watu hawajawahi kunipigia makofi maishani mwangu, na nilitamani yasikome.

Kisha akauliza, "Anasema nini?"

Ningefanyaje? Nyuma yangu wamesimama watu wanane, na baba mkwe wako yuko kwenye mashine analamba chungu cha wajukuu. Nikasema, "Anashukuru, Bwana. Ni wimbo wa mavuno."

"Na pale sauti inaposhuka?"

"Pale anasema wazee wanakula mpaka wanashiba."

"Vizuri sana," akasema, na akaandika.

Nilipotoka barazani Mama Akinyi alikuwa amejiegemeza ukutani, leso mdomoni, anacheka mpaka machozi. "Wee kijana wa Ikonge! Hayo ni mavuno ya wapi? Mzee kulamba chungu, hayo ndiyo mavuno yenu?" Kisha akaniona uso, akaacha.

"Ameolewa huyo dada?"

"Ndiyo, mama."

"Mkwe yu hai?"

"Yu hai."

"Uwi!" Akakaa chini kwenye ngazi. "Rudi ndani ukaseme ukweli. Wakibadilisha maneno nitauimba mimi, au wamrudie yule wa kwaya. Lakini useme wewe. Mimi nikisema wataona nalilia nafasi."

Alhamisi nilienda mpaka mlangoni kwa Bwana Mkubwa. Nikasikia anacheka na mtu, nikarudi. Ijumaa nilienda tena, nikabisha, akaniambia ingia. Akanipa mkono, mimi, akasema dada yangu ameipa sinema mwisho wake. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa Kiingereza njia nzima. Nikasema, "Ahsante, Bwana." Nikatoka. Sabato kanisani niliomba nipewe mdomo. Jumapili nikaandika yote kwenye karatasi, kila mstari wa wimbo na maana yake ya kweli, na Jumatatu nikampelekea karani wake.

Karani akaisoma, akanitazama. "Kijana, hii ungeileta Ijumaa. Sinema imepanda ndege jana kwenda Ulaya kutengenezwa. Ikirudi imerudi, hakuna wa kuigusa." Akanirudishia karatasi yangu. Ninayo hapa.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Gari la sinema litaanzia Kisii, lije Nyamira, lije Ikonge, na baada ya wimbi kuvunwa lifike Magwagwa. Watu watajaa uwanjani, maana hawajawahi kusikia sinema ikisema kwa lugha yao. Baba mkwe wako ataletewa kigoda chake mbele kabisa. Chinsoni zetu, miiko ya heshima kwa wakwe, unazijua kuliko mimi: mzee yule hajawahi kukanyaga ndani ya nyumba yako, na akipita njiani wewe unaingia vichakani asikuone uso. Sasa utamwimbia kuhusu chungu mbele ya Magwagwa yote.

Najua watakachosema. Watasema mwanamke wa namna hiyo arudishwe kwao. Nawe ukirudi, Kemunto na mdogo wake wanabaki, ni wa ukoo wa baba yao. Nimelifikiria hilo mchana na usiku.

Nimetafuta la kukushauri nikakosa. Nilifikiri siku hiyo uende kwa mama, lakini wimbo hautakwenda nawe. Nilifikiri useme ni Moraa mwingine, maana Magwagwa kina Moraa ni wengi. Lakini ni wangapi wana mume aliyerudi Kericho na kofia? Na kofia yenyewe shemeji ataivaa siku hiyo, unamjua. Nilifikiri umwambie shemeji mapema, akiwa ameshiba na mko wawili, umwambie kosa ni langu. Labda. Yeye ni mtu wa kucheka. Lakini sijui anacheka mpaka wapi, na wewe ndiye unayekaa naye.

Mpe mama salamu zangu ukifika Ikonge, na umwambie sijaacha kuomba kabla ya kula. Msalimie shangazi anayekuletea mboga za chinsaga, na Kemunto, mwambie mjomba ana peremende zake. Shemeji pia msalimie, kama itafaa. Wazee wa nyumba hiyo sina uso wa kuwasalimu.

Limebaki jambo moja. Kabla sijatoka siku ile ya kuchagua, karani aliuliza jina lako liandikwe vipi kwenye yale majina yanayopanda. Nikasema, "Msiliandike." Akauliza kwa nini. Nikasema, "Desturi." Neno hilo moja tu ndilo lililotoka kinywani mwangu kwa ajili yako, dada, na wakalikubali. Hawakuliandika. Lakini wewe mwenyewe unajitaja kwenye wimbo, mara tatu.

Langu wameliandika. Litapanda kwa herufi nyeupe, Zakaria, Mtafsiri, na nimeambiwa litapita pale sauti yako inaposhuka. Wanaojua kusoma watawasomea wasiojua. Usikae kimya na kunibebea. Wakikuuliza, nyoosha kidole pale juu, useme ni yule.

Mimi ndugu yako aliyekufikisha hapo,

Zakaria