Gari Lilikuwa Moja

Kiogoro, Jumatatu

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Goti linaendeleaje? Msalimie sana mama mdogo Celestine hapo Keroka, na umshukuru kwa kukupa kitanda chake. Sisi huku ni wazima. Simu zimerudi, lakini jambo hili nimeshindwa kulisema kwa simu.

Sabato ile dhoruba ilipokata mawasiliano, sisi wa redio tuliojitolea tuliitwa ofisi ya maafa. Unakumbuka ulivyokuwa ukinicheka kwamba naongea na hewa? Siku hiyo maafisa wote walisimama nyuma ya kiti changu. Mwenzangu Bosire alikuwa na redio yake Ekerenyo. Alichosema nilikisikia mimi tu, kwenye vipokea sauti vya masikioni, nikamfikishia Bi Orpah, afisa aliyekuwa akituma magari.

Saa nane mchana Bosire akaita. Gesare, mke wa Mose, alikuwa na uchungu wa kuzaa na mto umekata njia. Ng'ambo ya pili, kilima kilikuwa kinaporomoka, na tope limezunguka nyumba ya mama mmoja mzee.

“Ni kwenu, Mokeira,” akasema. “Namwona dirishani. Ova.”

Gari lililoweza kupita lilikuwa moja. Likaenda kwa Gesare kwanza.

Nilikaa pale nikipokea habari za madaraja na shule zilizoezuliwa mabati, na sikumbuki hata moja. Saa kumi na nusu Bosire akarudi hewani, anacheka na kulia: Gesare amejifungua msichana, nawe uko garini, unauliza nani atakamua ng'ombe. Nililia mbele ya maafisa wote, Mama, na sikuona haya.

Nasikia unawalaumu watu wa kaunti kwa kukuacha dirishani muda ule wote. Usiwalaumu. Bi Orpah aliniuliza mimi nani achukuliwe kwanza, kwa kuwa nawajua watu wa huko. Nilisema Gesare. Sikumwambia kwamba yule mzee ni mama yangu, maana angenihurumia na gari lingegeuka. Nyumba ilianguka baada ya wewe kutoka, na tangu hapo silali vizuri.

Jumapili nakuja Keroka. Ukitaka kunigombeza, nigombeze mpaka uchoke. Nataka tu kuisikia sauti yako.

Wasalimie wote hapo, na usipande ngazi na goti hilo.

Bintiyo akupendaye,
Mokeira