Asilimia Tisa Iliyobaki

Kwako mpwa wangu,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi cha mtoto kimekwisha. Mimi huku ni mzima kama chuma. Naandika kwa kalamu kwa sababu mtu ambaye kampuni nzima ingefunga milango bila yeye hawezi kujieleza kwa ujumbe wa simu. Ndiyo, mimi huyu huyu, mtunza stoo. Meneja ana ofisi yenye zulia, lakini funguo ninazo mimi.

Nimeona ujumbe wako kwamba niombe radhi kabla ya Ijumaa, nisije nikafukuzwa kazi uliyonitafutia wewe mwenyewe. Siombi. Soma kwanza ujue kwa nini.

Jumatatu zililetwa diski kumi na mbili kutoka hospitali, zimejaa habari za wagonjwa za miaka kumi iliyopita. Kazi yetu ni kuzifuta kabla hazijauzwa tena. Wewe msomi utadhani kufuta ni kubonyeza kitufe. Thubutu! Mashine inaandika sifuri juu ya kila kilichomo, toka mwanzo wa diski hadi mwisho, kisha inarudi kuisoma yote kuhakikisha hakuna kilichosalia. Tukaziwasha zote pamoja saa sita mchana. Baada ya saa moja fundi wetu, mwenye vyeti vingi kuliko mashati, akachungulia, akaona asilimia sita, akapiga hesabu kwenye simu na kutangaza kwamba saa kumi na saba zinatosha. Papo hapo meneja akampigia mteja: waje kuchukua cheti cha kuthibitisha diski zimefutwa, kesho saa tatu asubuhi.

Nilicheka mpaka fundi akauliza nimemeza nini. Nikamwambia diski haiendi mwendo mmoja. Inaanzia ukingoni, kwenye duara kubwa, kila mzunguko inafuta mengi. Ikiingia ndani duara linafinyika, inafuta machache. Nimechora chaki ukutani mwa stoo miezi minane, saa kwa saa: mwanzo asilimia sita, katikati nne na ushee, mwisho haifiki tatu. Nikasema saa ishirini na nne za kufuta, na nyingine kama hizo za kusoma. Siku mbili. Fundi akasema haya, profesa wa chaki kanena. Wakacheka wote, hadi mhasibu ambaye hata harusini hacheki.

Kesho yake saa tatu, mashine ilisema asilimia tisini na moja ya kufuta, na kusoma bado. Meneja akaja na cheti mkononi. Fundi keshatia sahihi, kainamisha kichwa, imebaki yangu. Akasema asilimia tisa ni makombo tu, nani atayaona. Nikamjibu makombo hayo ni watu, wana majina na magonjwa. Akasema nitie sahihi au niondoke. Nikavuta kiti, nikakaa mbele ya mashine, na funguo nikazikalia. Hata angekuja waziri angenikuta pale! Mama aliyetumwa na hospitali akasikia makelele, akaingia, akaniuliza mimi, si meneja, kazi itaisha lini. Nikamwambia kesho saa sita mchana. Akafunga mkoba wake, akasema atarudi kesho.

Ikaisha Jumatano saa sita na dakika kumi. Hizo kumi naidai saa ya ukutani. Yule mama alinipa mkono. Meneja akanipa barua ya onyo, eti nimemwaibisha mbele ya mteja, niombe radhi au niende zangu. Nimeibandika juu ya michoro yangu ya chaki. Wakinitoa watanitoa, lakini cheti cha uongo hakina sahihi yangu.

Ila wewe nimekubeba mgongoni, siwezi kukuficha. Usije ukawatangazia watu kwamba mjomba wako ni mtetezi wa wanyonge. Unakumbuka zile wiki mbili nilizowaambia kampuni imenipeleka mafunzoni? Nilikuwa nimelazwa hospitali hiyo hiyo, nimepasuliwa bawasiri, nalala kifudifudi kama mtoto mchanga. Faili langu lilikuwamo katika diski zile, na kila nilipowaza fundi analisoma kwa sauti mbele ya mhasibu, jasho lilinitoka. Na pale kitini, kusema kweli, nilikalia upande mmoja.

Nisalimie mumeo na watoto. Mama yako akiuliza, mwambie mafunzo yalikuwa mazuri.

Ni mimi mjomba wako,
Mwenye Funguo